Barua ya Mfunguo Tisa

Sajini Sihaba Ramadhan hakuwa askari wa kupiga. Kwa miaka ishirini na miwili aliyobeba funguo za jela, hakuna mfungwa aliyemshitaki kwa kofi wala kwa tusi. Walichomlalamikia ni macho. Walisema Sajini akikutazama unaanza kukumbuka makosa ambayo bado hujayafanya.

Kwao ni Miono. Alisoma chuoni mpaka akahitimu Kurani, akamaliza kidato cha nne Lugoba, akakaa nyumbani miaka kadhaa akiuza vitumbua, na mwaka 2001 akachukuliwa jeshi la magereza. Alizungushwa vituo vinne kabla ya kutua Kwandoro, gereza dogo la kilimo katikati ya mashamba ya mananasi upande wa Kiwangwa. Wanaume walikuwa mia na ushei. Wanawake walikaa nyuma ya ukuta wa pili, chumba kimoja kirefu na ua, na idadi yao haikuwahi kuzidi ishirini. Upande huo ndio uliokuwa wake.

Aliamini kwamba jela haitulizwi kwa fimbo, inatulizwa kwa kujua. Ujue nini kimeingia, nini kimetoka, nani amegombana na nani juu ya ndoo ya maji, na nani ameacha kugombana ghafla. Siku za kelele hazikumsumbua. Siku za utulivu ndizo zilizomfanya azunguke ua mara tatu. Aliwahi kuukuta wembe ndani ya mkate wa kumimina. Alimgundua mwanamke aliyelea mimba ya matambara miezi mitano ili asiende shambani. Mwingine alifiwa na mama mara mbili katika mwaka mmoja, na mara zote mbili alilia machozi ya kweli. Yote hayo Sihaba aliyaandika kwenye daftari lenye jalada gumu, tarehe na saa, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima.

Kazi yake nyingine ilikuwa barua. Barua ya mfungwa husomwa kwanza na askari, hupigwa muhuri, ndipo hukabidhiwa mwenyewe. Isiyosomeka hupelekwa kwa mkuu wa gereza, yeye ndiye huamua. Sihaba aliishika kazi hii kwa mikono miwili, kwa sababu ilishawahi kumuunguza. Mwaka 2015, katika kituo kingine, alipitisha barua ya Kizigua iliyosema mbuzi wawili watafika Ijumaa. Hakuielewa vizuri, akaona aibu kuuliza. Ijumaa hiyo wanawake wawili waliondoka shambani na hawakuonekana tena. Aliandikiwa onyo kali, na tangu siku hiyo alijiwekea sheria yake mwenyewe: asichokielewa hakipiti.

Tarehe 17 Januari mwaka 2023 ilifika barua ya Mwanahija Maulidi.

Mwanahija alikuwa mtu wa Bagamoyo mjini, mwenye miaka hamsini hivi. Alifungwa miaka miwili kwa kumpiga jirani yake mchi wa taya. Ndani ya jela hakumpiga mtu. Aliamka kabla ya kuamshwa, alifanya kazi bila kusukumwa, na alijibu alipoulizwa. Sihaba alimwandika daftarini: *Mtulivu mno. Aangaliwe.* Mumewe aliitwa Yunus, fundi wa kushona kanzu, mtu ambaye hakusoma shule hata siku moja. Alisoma chuo cha Kurani tu. Alikuja kumtazama mkewe mara mbili, akabeba halua na sabuni, kisha mwezi wa Desemba akakoma kuja.

Barua yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyokuwa wakiandikiana wazee wa mjini. Sihaba aliitambua bismillahi ya juu. Mengine yalikuwa mwandiko uliolala, herufi zimeshikana, nukta hapa zipo na pale hazipo. Aliigeuza, akainusa, akaishika kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaitia ndani ya bahasha ya kaki, akaiweka kwenye droo ya chini ili aipeleke kwa mkuu wa gereza.

Wiki hiyo mkuu wa gereza akahamishwa. Aliyekaimu hakutaka kuguswa na jambo lolote. Mkuu mpya alipofika mwezi wa Machi, Mrakibu Msabaha kutoka Pangani, Sihaba alikuwa ameshaichelewesha barua wiki saba, na kuipeleka kulitaka maelezo. Kila wiki ilipopita, maelezo yalizidi urefu. Mwanahija aliuliza kila Jumatatu kama kuna barua yake. Sihaba alimjibu neno moja, kila mara lile lile.

"Haijapita."

Hakusema haijafika. Alilichagua neno hilo kwa makini, na kwa kuwa halikuwa uongo kamili, liliwezekana kusemwa tena na tena.

Jumatatu tarehe 5 Juni ofisi ikapigiwa simu. Yunus amefariki Jumapili alfajiri, amezikwa jana hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Aliyepiga ni Najim, mdogo wake marehemu. Sihaba ndiye aliyempa Mwanahija habari, kwenye benchi la nje ya stoo. Mwanahija hakulia. Alisema innalillahi, kisha akaomba kukaa eda.

Alieleza anachotaka kwa utaratibu, kana kwamba alishaupanga. Miezi minne na siku kumi. Asitoke kwenda shambani, asionekane na wanaume, apewe nguo nyeupe badala ya sare, na kazi afanye ya ndani.

Sihaba aliyaandika yote, na kalamu ikiwa bado inatembea, shaka ilishaanza kupanda. Kwanza, hakulia. Pili, ilikuwa Juni, masika yamekwisha, na palizi ya mananasi inaanza, kazi inayochana mikono mpaka kiwiko. Swaumu, nyapara wa wanawake, mfungwa wa siku nyingi mwenye ulimi usio na mlango, alilisema wazi mbele ya foleni ya uji.

"Afande, mwaka huu palizi imeanza na wajane nao wameanza. Mimi wangu sijui nimuue lini."

Wanawake wakacheka. Mwanahija akaendelea kunywa uji.

Mrakibu Msabaha hakucheka alipoletewa ombi. Alikuwa mtu wa pwani, alijua eda ni nini, na alisema sheria inamtaka aiheshimu dini ya mfungwa. Lakini alisema pia kwamba akimtoa mfungwa mmoja shambani bila uthibitisho, kesho atakuwa na wajane kumi na tisa. Akampigia Najim mwenyewe, simu akaiweka mezani ili Sihaba naye asikie.

Najim alisikiliza, akatoa pole zote zinazotakiwa, halafu akasema kwamba Mwanahija si mjane wa mtu. Kaka yake alimwacha tangu Januari, kwa barua. Miezi minne na nusu imepita, eda ya talaka imekwisha, hakuna kilichobaki baina yao.

Mrakibu akamuuliza kama barua hiyo aliiona.

"Niliiona ikiandikwa, mheshimiwa. Neno nimekuacha nililisoma kwa macho yangu. Na niliipeleka posta mimi. Ilikuja kwenu huko huko jela."

Simu ilipokatwa, Mrakibu alimgeukia Sihaba na kumuuliza kama mwezi wa Januari iliingia barua yoyote ya mfungwa huyu. Sihaba alijibu kwamba ataangalia kumbukumbu.

"Angalia basi," Mrakibu alisema. "Ijumaa saa nne nataka jibu. Kama aliachwa, Jumamosi anarudi shambani kama wenzake. Kama ni mjane, nitampa haki yake."

Jinsi Mrakibu alivyolirudia neno *kumbukumbu* wakati anampa ruhusa ya kuondoka ilimfanya Sihaba ajiulize kama tayari anajua.

Jioni ile alifunga mlango wa ofisi, akaitoa bahasha. Mara hii aliivamia barua kama mwanachuo, herufi kwa herufi, kidole chini ya mstari. Kurani ina irabu zake juu na chini, inakushika mkono. Barua ya Yunus haikumshika mtu mkono. Alipata salamu. Alipata *mke wangu*. Alipata *maradhi*, au labda *marathi*, akaliacha. Kisha katikati ya ukurasa akakutana na neno, akalijaribu mara nne, na mara zote nne likamjia vile vile alivyolisema Najim: *nimekuacha*.

Akaegemea kiti. Ukweli ni kwamba alipata nafuu. Kama ni talaka, basi aliyoificha ni habari mbaya tu. Mwanamke angeumia Januari badala ya Juni, na mtu angeweza hata kusema alimhurumia. Yeye mwenyewe aliachwa kwa karatasi, mwaka 2009, ikaletwa na wifi yake pamoja na sufuria zake mbili. Aliwajua wanaume wanavyoandika.

Lakini alikuwa ameshahoji watu wengi mno asiweze kuitambua nafuu ya mtu mwenye hatia. Alichukua daftari akaandika: *Nataka iwe talaka. Kwa hiyo usomaji wangu haufai.*

Jumatano alikuja Maalim Sufiani, anayewafundisha wafungwa dini. Sihaba alimvuta pembeni, akampa barua, akamwambia anataka tu kujua kama ni talaka. Maalim aliiweka miwani sawa, akapitisha macho upesi, kwa kuwa darasa lilikuwa linamngoja.

"Ni talaka, Sajini. Hii hapa. Nimekuacha kwa radhi zangu. Yaani kwa hiari yake, hakulazimishwa na mtu."

"Hiyo *kwa* iko wapi, Maalim?"

"Haimo, lakini ndiyo maana yake. Hawa waandishi wa zamani wanaruka."

"Na yanayofuata?"

"Salamu, bila shaka," alisema, akamrudishia.

Sihaba alibaki na barua mkononi, na jambo lililomkera halikuwa Maalim. Angekuwa mpelelezi mwingine ndiye aliyeuliza swali namna ile, yeye angemfukuza chumbani. Alimwambia shahidi jibu kabla ya kumuuliza. Tena Maalim alijaziliza neno ambalo halimo. Na ukurasa ulikuwa na mistari mitano zaidi chini, mirefu kuliko salamu za mtu yeyote.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alivaa baibui, akaenda Bagamoyo, mtaa wa zamani, kwa Bi Hafidha, mwanamke wa miaka themanini na kitu ambaye baba yake aliwaandikia barua nusu ya wafanyabiashara wa mji ule, na yeye mwenyewe bado anaandika hivyo. Alimkuta barazani kwake akipembua mchele kwenye ungo, shikamoo ikaenda, marahaba ikarudi, na Sihaba akajitambulisha kuwa ni mtu wa Miono aliyekuja na shida ndogo.

"Karibu, mwanangu. Umekuja na baibui lakini mwendo wako wa gwaride. Polisi au magereza?"

Sihaba akakiri magereza. Akatoa barua, na safari hii hakusema lolote juu ya yaliyomo. Alimwomba tu amsomee, mwanzo mpaka mwisho.

Bi Hafidha alisoma mstari wa kwanza kimya, kisha akaiweka barua juu ya paja na mkono juu yake.

"Hii ni barua ya mtu na mkewe. Wewe si mke. Unaisoma kwa idhini ya nani?"

"Ya serikali, bibi. Ndiyo kazi yangu."

"Hapa juu pana tarehe. Mfunguo tisa, miezi mitatu kabla ya mfungo. Leo tuko mfunguo pili. Ramadhani nzima imepita juu ya barua hii." Alimtazama Sihaba bila ukali. "Serikali imekuruhusu kuisoma. Imekuruhusu na kuilalia?"

Kwa miaka yote hiyo Sihaba alikuwa akiwaambia wafungwa kwamba yeye hafanyi lolote kwa matakwa yake, kila analofanya lina kanuni nyuma yake. Alijaribu kuikumbuka kanuni ya droo ya chini. Haikuwepo.

Akasema ukweli wote, pale barazani, kwa mtu asiyemjua. Bi Hafidha alisikiliza huku akichambua chuya, kisha akaomba aletewe miwani yake mingine kutoka dirishani, akaisoma barua kwa sauti, polepole. Yunus anamwarifu mkewe kwamba maradhi ya kifua yamemzidi na hana nguvu ya kusafiri mpaka Kiwangwa. Anaandika amelala, amsamehe mwandiko. Kuhusu siku ile ya ugomvi na jirani, anajua kwamba Mwanahija alimpigania yeye, ingawa mbele ya watu alimgombeza.

"*Nami nimekuachia radhi zangu,*" Bi Hafidha alisoma.

Sihaba alimwomba arudie. Bibi akamwinamishia karatasi, akaweka ncha ya ukucha kwenye lile neno. Herufi ya ye ikiwa katikati ya neno ni jino dogo tu, na nukta mbili chini yake. Huyu nukta hakuzitia. Jino limebaki peke yake, limelala kama mwenye jino alivyolala, na anayepita mbio analiruka. Ukiliruka unapata *nimekuacha*. Ukiliona unapata *nimekuachia*.

"Lakini mtu anaweza kubisha, bibi. Anaweza kusema hakuna jino, ni wino umevimba."

"Anaweza. Ndiyo maana barua husomwa mpaka chini." Ukucha ukashuka mstari mmoja. "*Nawe niachie zako, na uniandikie, nizipate kabla ya safari.* Hapa nukta kazitia. Mwanamume anayetoa talaka hamwombi huyo anayemwacha amwachie radhi. Hata wakichanganyikiwa hawaandiki hivyo."

Kisha akaikunja barua, akamrudishia, akaurudisha ungo magotini. Sihaba alipoaga alimwambia jambo moja tu zaidi, kwamba mwenye barua angeisoma kwa kuitupia jicho, kwa kuwa mke anaujua mwandiko wa mumewe, na kwamba katika watu wote ni yeye pekee ambaye hakupelekewa.

Njia nzima ya kurudi Sihaba alimfikiria Najim. Je, alilisoma neno vibaya, au alilisoma sawasawa na akaona linafaa kusomwa vibaya, sasa kaka yake hayupo na mke aliyeachwa hana fungu la kudai kwenye nyumba? Aliipima sauti yake ya kwenye simu na asipate pa kuikamata. Halafu akajikuta anajipima yeye. Najim aliona neno moja akatosheka. Yeye alikuwa na ukurasa mzima, miezi mitano, na ufunguo wa droo.

Kulikuwa na njia nyepesi, na aliiona vizuri sana. Angeweza kumwambia Mrakibu kwamba barua ilichanganyika na faili za mkuu aliyehama, imeonekana leo. Mkuu aliyehama yuko mbali, asingeulizwa. Cheo cha stafu sajini alichokuwa akikingoja mwaka wa tatu kingebaki salama, na Mwanahija angepata eda yake vile vile. Aliigeuza njia hiyo kichwani mpaka Ijumaa asubuhi. Kilichoikatisha ni kwamba yeye mwenyewe, angeletewa hadithi ya namna hiyo na mfungwa, asingeiamini hata dakika moja.

Saa nne kamili aliiweka bahasha mezani kwa Mrakibu Msabaha, na juu yake maelezo ya kurasa mbili yenye tarehe zote. Mrakibu alisoma bila kuinua kichwa. Alipomaliza aliuliza kwa nini amwamini bibi wa Bagamoyo kuliko Maalim. Sihaba akamwonyesha mstari wa chini. Mrakibu, ambaye Pangani naye alipitia chuo, aliufuata kwa kidole, midomo ikichezacheza.

"Niachie zako," alisema mwishoni. "Ulikuwa na maana gani, Sajini? Ulimshuku nini mwanamke huyu?"

"Sikumshuku yeye, afande. Nilishuku nisichokielewa."

"Na ulipoacha kushuku?"

"Nikaanza kuogopa."

Mrakibu akampigia Najim tena. Akamsomea sentensi zote mbili, akamuuliza kama siku ile aliisoma barua mpaka mwisho. Najim akasema kwamba alipoliona lile neno aligeuza uso, kwa kuwa si adabu kuendelea kusoma siri ya kaka yake. Kama amekosea, Mungu amsamehe, shemeji yake akae eda. Sihaba hakumwamini, na hakuwa na cha kumkamatia.

Uamuzi uliandikwa palepale. Mfungwa Mwanahija Maulidi atakaa chumba cha stoo ya nguo, atashona na kurekebisha sare, atapewa shuka mbili nyeupe. Askari mwanamume asiingie. Sajini Sihaba atafunguliwa shauri la nidhamu, na kuanzia wiki inayofuata barua zitasomwa na askari wawili, yeye si mmoja wao.

"Barua utampelekea wewe," Mrakibu alisema. "Hiyo siwezi kumtuma mtu."

Mwanahija alikuwa stoo tayari, anakunja sare. Sihaba alimpa ile karatasi na kusimama, kwa sababu kukaa hakukuwa na maana. Bi Hafidha alisema kweli. Mwanamke aliitupia jicho, likateremka bila kukwama popote, wala kwenye lile jino. Alipofika chini alianza tena juu. Mara ya pili alichelewa sana kwenye mistari miwili ya katikati.

"Ilifika lini?"

"Tarehe kumi na saba Januari."

"Mikononi mwa nani?"

"Mwangu."

Mwanahija alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu mafundo ya uzi.

"Kila Jumatatu uliniambia haijapita. Nikadhani ndicho Kiswahili chenu cha Miono."

Sihaba alisema anaomba radhi. Neno lilipomtoka alilisikia lilivyo, akatamani angetumia jingine.

"Za kwako unazitaka leo," Mwanahija alisema. "Yunus alizitaka tangu mfunguo tisa." Hakupaza sauti. "Alikufa anadhani nimemnyima. Huyo nimwandikie wapi, afande?"

Hakungoja jibu. Alimpa mgongo, akalikabili dirisha, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza. Sihaba alitoka nje na kufunga mlango taratibu, na hakuandika kitu daftarini.

Stoo ile haikuwa na dirisha la uani, kwa hiyo kila jioni, saa kumi, wanawake wengine wanapochuchumaa tano tano kuhesabiwa na askari wa zamu, mjane alihesabiwa peke yake mlemle ndani, na askari wa kike. Wiki ya kwanza zamu ilikuwa ya Sihaba. Kanuni ni moja kwa wote: jina linaitwa, mfungwa anaitika "Niko, afande," ndipo anaandikwa. Mwanahija alikuwa ameitika hivyo kila siku tangu alipofungwa, bila kukosa.

Jumamosi ile Sihaba alisimama kizingitini na karatasi ya idadi.

"Mwanahija Maulidi."

Mwanahija alikuwa ameketi mkekani, amejifunika shuka nyeupe, sare ya mtu mapajani na sindano mkononi. Hakuitika.

Nje, foleni ilikuwa inangoja. Namba isipotimia mlango mkubwa haufungwi, mwenye zamu langoni hapokelewi, na Mrakibu hapati taarifa yake. Mfungwa asiyeitika amekosa, na Sihaba aliijua adhabu yake kwa kifungu na kwa namba. Zamani angeliita jina mara ya pili kwa sauti nyingine. Angeshuku kwamba huu ndio mwanzo: leo haitiki, kesho hainuki, keshokutwa ua mzima umejifunza. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Swaumu alikuwa ameshanyoosha shingo kule foleni ili asikie.

Alingoja. Mwanahija alivuta uzi mpaka mwisho, akaufunga fundo, akaukata kwa meno. Ndipo akainua uso na kumtazama askari wake moja kwa moja, macho makavu.

"Unaniona," alisema. "Andika."

Sihaba akaandika.